Kilichoyaangusha magari ya umeme ya kwanza

Maelezo yanayorudiwa kila mara ni kwamba gari la umeme lilikufa mwaka 1912, pale kampuni ya Cadillac ilipofunga stata ya umeme ya Charles Kettering kwenye magari yake ya petroli na madereva wakaachana na kuwasha injini kwa kuzungusha hendeli. Mwaka ni sahihi, ila hoja haishiki. Ford Model T, nayo ya petroli, ilianza kupata stata mwaka 1919 tu, na kufikia hapo ilikuwa imeshauzwa kwa mamilioni, hendeli ikiwa mbele. Anayetaka sababu afungue sanduku la betri.

Mwaka 1900 Marekani ilitengeneza magari yapatayo 4,200: ya mvuke 1,681, ya umeme 1,575, na ya petroli 936. Umeme haukuanza ukiwa nyuma.

Betri za wakati huo, za madini ya risasi na asidi, zilibeba nishati ya kama wati-saa 20 hadi 25 kwa kilo. Kwa hiyo betri za kilo 400 zilitoa kilowati-saa 8 hadi 10. Kilo moja ya petroli ina takribani wati-saa 12,000. Hata injini ikipoteza asilimia 85 kwa joto, kilo tano hivi za petroli zinalingana na mzigo wote ule wa risasi.

Na hizo kilowati-saa nazo hazipatikani zote. Mwanasayansi Mjerumani Peukert alilionyesha hilo mwaka 1897. Chukua betri ya ampea-saa 150, inayotoa ampea 30 kwa saa 5. Ukiivuta ampea 150 kwenye mlima au tope, haimalizi saa. Huishia kwenye dakika 40 hivi, kwa kuwa asidi iliyo ndani ya vitundu vya pleti (vibao vya risasi vilivyo ndani ya betri) hutumika haraka kuliko ya nje inavyopenya. Ndiyo maana gari lililotamba kwenye barabara ngumu za mjini lilikwama mapema vijijini, ambako barabara zilikuwa udongo mtupu na umeme wa kuchajia haukuwepo.

Lakini kilichowachosha wenye magari, kwa maoni yangu, ni matunzo. Gari lilikuwa na seli 40 hivi, yaani betri ndogondogo zilizoungwa pamoja. Idadi hiyo ilitokana na umeme wa mjini: seli inayokaribia kujaa hufika volti 2.5, na seli 44 zikiungwa mfululizo zinafika volti 110, sawasawa na umeme wa DC (mkondo wa upande mmoja) uliokuwa mitaani. Mtaa wenu ukiwa wa AC (mkondo unaogeuka-geuka), ilibidi ununue kwanza kigeuzi cha zebaki cha kuufanya DC.

Kisha kazi yenyewe. Fungua vifuniko, ongeza maji yasiyo na madini mpaka pleti zifunikwe, pima uzito wa asidi ukilinganishwa na maji kwa kifaa kiitwacho haidromita: 1.280 imejaa, karibu na 1.150 imeisha. Wakati wa kuchaji joto lisipite nyuzi 43. Ukiiacha betri tupu kwa siku nyingi, sulfati (chumvi ya risasi inayojengeka kwenye pleti) inaganda kuwa fuwele ngumu ambazo chaji haiziondoi. Ukiizidishia chaji, gesi inabubujika na kung'oa unga wa pleti. Unga unajikusanya chini, na ukifika kwenye pleti seli inapiga shoti. Mbaya zaidi ni seli moja dhaifu kati ya 40. Yenyewe inaisha mapema, lakini nyingine zinaendelea kusukuma mkondo kupitia humo hadi chanya na hasi zake zinageuzana. Hapo imeharibika, na dereva aliyekuwa akitazama volti za jumla tu hakuona kitu.

Edison alijaribu nikeli na chuma. Betri yake ya 1903 ilivuja na kupoteza uwezo, akaiondoa sokoni 1904. Iliyorudi miaka michache baadaye ilikuwa imara kweli, lakini ilitoa volti 1.2 tu kwa seli na ilidhoofika kwenye baridi. Kwenye gari la umeme la Detroit Electric iliongeza bei kwa dola 600, karibu bei ya Model T nzima.

Malori ya umeme ya mjini yalidumu zaidi, na si kwa sababu betri zake zilikuwa tofauti. Kuanzia 1912, kampuni ya umeme ya mji wa Hartford, Marekani, ilikuruhusu kununua lori bila betri. Ulilipia kila maili, betri iliyoisha ikabadilishwa kwa iliyojaa, utaratibu ambao pikipiki za umeme za Kigali na Nairobi zinautumia leo. Haidromita ilishikwa na fundi wa kampuni, na seli dhaifu ikigundulika karakanani hasara ilikuwa ya kampuni.