"Alikwenda Mzima, Vita Vikamharibu": Tafadhali, Tuulize Kwanza

Sentensi ninayoisikia kuliko zote kutoka kwa familia zinazoniletea wazee wao waliostaafu jeshini ni hii: "Alikwenda mzima, vita vikamharibu." Kwa kawaida huisema mke au binti mkubwa, kwa uchungu uliochanganyika na fahari, huku mzee mwenyewe ameketi pembeni akiuangalia mlango. Juzi nimekutana nayo tena, safari hii ndani ya barua ya rufaa: mwenzangu wa kada ya afya ameandika "PTSD ya vita" (PTSD ni ugonjwa wa akili unaofuatia tukio la kutisha), akapiga mstari chini ya maneno hayo, na katika barua nzima hakuna neno hata moja kuhusu maisha ya mgonjwa kabla hajavaa magwanda. Familia naielewa. Makala haya namwandikia mwenzangu.

Ninaowahudumia hapa Tanga ni wanaume waliopigana Vita vya Kagera vya 1978 hadi 1979, pamoja na vijana wao waliolinda amani Darfur na Kongo, ambako askari wetu wasiopungua 14 waliuawa katika shambulio moja tu, tarehe 7 Desemba 2017. Sipunguzi hata kidogo uzito wa mambo hayo. Mtu anaweza kuugua kwa sababu ya vita pekee, hata kama alilelewa kwa mapenzi tele, na wapo. Ninachokikataa ni kuyahesabu maisha ya askari kuanzia siku alipoingia depo.

Jinamizi, kushtuka kwa mlio wa bodaboda, kukwepa mikusanyiko, kukesha: hayo yanajulikana na sitayarudia. Tena si hayo yanayowaleta kwangu. Mke huweza kuvumilia jinamizi kwa miaka mingi; kinachomchosha ni mume anayefura kwa jambo dogo, anayejiona si kitu, na asiyekaribika hata kwa mjukuu wake. Mwongozo wa Shirika la Afya Duniani wa kuainisha magonjwa, ICD-11, ulioanza kutumika Januari 2022, unayaongeza mambo hayo matatu juu ya dalili za kawaida na kuutambua ugonjwa huo kuwa PTSD changamani, ambayo aghalabu hutokana na madhila ya muda mrefu au ya kujirudia ambayo mtu hakuwa na njia ya kuyakimbia, ukatili wa utotoni ukiwamo.

Tiba ninayoitumia zaidi ni ile ya masimulizi, iliyoandaliwa na wanasaikolojia wa Ujerumani na kujaribiwa miongoni mwa wakimbizi, wakiwamo wa Nakivale nchini Uganda. Kamba hutandazwa sakafuni kuwa ndiyo maisha ya mgonjwa tangu kuzaliwa kwake, naye huweka maua penye mema na mawe penye mabaya. Kamba yangu ni ya mkonge. Ingekuwa aibu kununua ya nailoni nikiwa Tanga. Mzee mmoja, ambaye nimebadilisha baadhi ya mambo yake ili asitambulike, aliletwa kwangu kwa ajili ya Kagera. Aliyapima mawe mkononi moja baada ya jingine, kisha akalichukua lililo kubwa kuliko yote na kuliweka karibu kabisa na mwanzo wa kamba, kwenye umri wa kuanza shule. Alikulia katika kambi ya manamba, vibarua wa mkataba, kwenye shamba la mkonge, kwa baba aliyekuwa akitoka korona, yaani kiwanda cha kuchakata mkonge, analewa, kisha anarudi nyumbani kutafuta wa kumpiga, na usiku mwingine mtoto alilala katikati ya mistari ya mkonge akiisikiliza sauti ikimwita. Alipofika Kagera aliweka jiwe la wastani, la rafiki yake aliyekufa, na kando yake akaweka ua. Nilimuuliza ua hilo ni la nini. Akanijibu kwamba jeshini, aliyekufokea alikuwa na sababu, na ulijua ataacha lini. Binti yake, aliyekuwa kwenye benchi nje, hakuwahi kuambiwa lolote kuhusu babu yake zaidi ya kwamba alikuwa mchapakazi.

Hicho si kioja. Mwaka 2012 watafiti wa Denmark walichapisha matokeo ya kuwafuatilia wanajeshi kabla ya kwenda Afghanistan, wakiwa huko, na baada ya kurejea. Walio wengi hawakuugua. Lakini kilikuwapo kikundi kidogo cha askari ambao dalili zao zilipungua walipokuwa vitani na kupanda tena waliporudi nyumbani, na tofauti yao na wenzao ilikuwa katika madhila waliyopitia utotoni. Sasa nakuuliza, mwenzangu: mtu wa namna hiyo alikwenda mzima? Mtoto aliyejifunza kuipima hasira ya baba kwa mlio wa komeo huwa mlinzi hodari wa zamu ya usiku, na jeshi humsifu na kumpandisha cheo kwa jambo lile lile linalomtafuna. Ratiba, amri na wenzake humbeba. Kisha anastaafu, paredi hakuna, na yote yaliyokuwa yamenyamazishwa yanaamka. Ndiyo maana huwauliza familia alianza kubadilika lini hasa, na mara nyingi jibu si 1979. Ni mwaka aliostaafu.

Hapo ndipo hujibiwa kauli inayoniudhi kuliko zote: "Lakini sisi sote tulichapwa, na tuko wazima." Kuhusu kuchapwa, sibishi. Utafiti wa kitaifa wa mwaka 2009 juu ya ukatili dhidi ya watoto ulionyesha kwamba karibu robo tatu ya Watanzania, wa kike na wa kiume, walipata ukatili wa kimwili kabla ya kutimiza miaka 18, na kwamba takriban mvulana mmoja kati ya saba alifanyiwa ukatili wa kingono. Kuhusu uzima wetu, ningependa kuwasikia wake zetu na watoto wetu kwanza. Lakini hata tukiliacha hilo, idadi ya viboko si kipimo changu. Nauliza kama mtoto alijua kosa lake, kama angeweza kutabiri kipigo kitakuja lini, kama palikuwa na shangazi au jirani wa kumkimbilia, na kama kesho yake mtu yeyote alikiri kwamba jambo lile lilitokea. Mtoto aliyechapwa kwa kuvunja mtungi, kisha bibi akampaka mafuta na kumgombeza aliyemchapa, amebaki na kumbukumbu ya maumivu. Mtoto aliyechapwa bila kujua sababu, huku mama akifunga mlango wa chumba cha pili asisikie, mwili wake umejifunza kwamba hatari haina ratiba na kwamba hakuna atakayekuja. Hao wawili ukiwaweka katika fungu moja la "tuliochapwa" hutaelewa kitu. Na lile la kingono halitajwi kabisa; mwanamume wa umri huo huligusa baada ya vikao vingi, na si mara moja limetajwa mgonjwa akiwa ameshashika kitasa cha mlango ili aondoke.

Wapo ninaowashawishi hadi wanavuka mpaka: "Kumbe alikuwa mbovu tangu mwanzo!" Hapana. Kazi ya madaktari watafiti Felitti na Anda wa Marekani, iliyoanza kuchapishwa mwaka 1998, ilionyesha kwamba madhila ya utotoni yakirundikana, uwezekano wa kuugua ukubwani hupanda. Ni uwezekano, si hukumu, na wengi waliopitia hayo hawapati PTSD. Wala asitokee mtu wa kuishika hoja hii ili amnyime askari haki zake, kwa sababu jeraha la zamani halifuti lile alilolipata kazini.

Kuhusu tiba nitakwenda haraka. Kumlazimisha mtu "atoe yote" kwa kikao kimoja mara baada ya tukio kumejaribiwa, hakukuzuia PTSD, na kuna majaribio yaliyoonyesha kwamba kunaweza kudhuru. Diazepam, dawa ya kutuliza, si tiba ya PTSD, hata kama inaleta usingizi. Sertralini na paroksetini, dawa za sonona, zina ushahidi, ingawa si mnene kama tunavyowaambia wagonjwa. Prazosini, ambayo tuliitegemea kwa jinamizi, haikukishinda kidonge kisicho na dawa ndani katika jaribio kubwa la wanajeshi wastaafu wa Marekani lililochapishwa mwaka 2018. Nami nina mgonjwa anayeapa kwamba imemrudishia usingizi, na sina moyo wa kumpinga.

Ninaloyumba nalo zaidi ni mpangilio. Mafundisho ya zamani yanasema umtulize mgonjwa kwa miezi kadhaa kabla ya kuugusa utoto wake, ilhali wapo watafiti, hasa Uholanzi, wanaosema kwamba kumchelewesha hivyo ni kumnyima tiba. Kwa mzee mwenye shinikizo la damu mimi huenda taratibu, na sina hakika kama hiyo ni busara ya kitabibu au ni woga wangu mwenyewe. Tena kumbukumbu za zaidi ya nusu karne si hati ya mahakama. Mzee akinisimulia kwamba baba alikuja na panga, kisha mwezi unaofuata panga likawa fimbo, siwezi kujua lipi ni lipi, na hofu ninayoitibu ni ile ile.

Karibu kila anayenifikia amekwisha kunywa kombe au kupungwa, na kwa hilo sigombani na mtu. Katika ngoma ya pepo ndugu hukesha upande wa mgonjwa hadi alfajiri, jambo ambalo chumba changu hakijawahi kumpatia. Nagombana pale tu anapoamriwa aache dawa.

Na kwenu familia: mpaka siku ya miadi, mzee asiamshwe kwa kuguswa; simameni mlangoni mumwite kwa jina mpaka aitike. Msimsimulie mbele yake kana kwamba hayupo. Na kama amezoea diazepam, msiikate ghafla kwa kuwa nimesema si tiba, maana kuikata hivyo kunaweza kumletea degedege. Njooni nayo na pakiti yake, ili daktari apange namna ya kuipunguza kidogo kidogo.