Kabla hujaandika dawa, itafute punje

Alifika kliniki akichechemea, kiatu kimoja cha akala mguuni na kingine mkononi, maana unyayo wa kulia ulikuwa umevimba hauvaliki kitu. Mfugaji wa Turkana, miaka thelathini na ushee. (Baadhi ya habari zake nimezibadilisha asije akatambulika.) Uvimbe ulikuwa na miaka minne, mgumu ukiuminya, umetoboka matundu tisa, na kila tundu linavuja usaha mwepesi. Hakulalamikia maumivu. Alilalamika kwamba mbuzi wanamwacha nyuma.

Ndani ya mfuko wa plastiki alikuwa ametunza karatasi za vituo vyote alivyopita. Amoksilini, kloksasilini, siprofloksasini, sindano za penisilini, tena dawa za TB kwa miezi miwili kabla ya kuziacha. Karibu kila karatasi iliandikwa "kidonda sugu". Nilizisoma zote, ya kwanza hadi ya mwisho. Hakuna hata moja iliyosema ni kitu gani kinatoka katika yale matundu.

Nikamuuliza, "Ndugu yangu, usaha ukitoka, huwa unaona chembechembe ndani yake?"

"Naziona, daktari. Mchanga mwekundu. Ni vumbi la kwetu linaingia kwenye kidonda. Naosha kila siku."

Alikuwa akiuosha kwa bidii, na wauguzi waliomfunga vidonda waliuosha pia, kwa nia njema kabisa. Ule mchanga ndio uliokuwa ugonjwa wenyewe.

Ugonjwa huu huitwa maisetoma. Zamani uliitwa mguu wa Madura, kwa kuwa mwaka 1842 daktari John Gill aliueleza akiwa Madurai, kusini mwa India. Jina la sasa lilitolewa na Henry Vandyke Carter mwaka 1860. Kwetu unapatikana zaidi katika nchi kavu za migunga: Sudan, Somalia, Ethiopia, kaskazini mwa Kenya. Vijidudu vyake huishi kwenye udongo na miiba. Mtu anachomwa, mwiba unatoka, ngozi inafunga, anasahau. Miezi au miaka baadaye kinatokea kinundu kisichouma, kinakua, kinatoboka, kinaanza kutoa punje, yaani chembe ndogo ambazo ni vijidudu vyenyewe vilivyoshikana. Ukiona vitatu hivyo pamoja, yaani uvimbe usiouma, matundu, na punje, fikiria maisetoma kabla ya kitu kingine chochote. Hauambukizi kutoka mtu hadi mtu, na hili nalisema kwa sauti mbele ya familia, kwa sababu wagonjwa wengi huwa wameshatengewa sahani.

Sasa linakuja jambo lililonifanya niandike leo. Maisetoma ni magonjwa mawili yaliyovaa sura moja. Moja huletwa na fangasi, na jingine huletwa na bakteria wenye umbo la nyuzi nyembamba. Kwa macho miguu miwili hiyo inaweza kufanana kama mapacha, lakini tiba zake hazina uhusiano wowote. Ile ya fangasi huhitaji dawa kama itrakonazoli kwa miezi mingi, mara nyingi miligramu 400 kwa siku, pamoja na upasuaji, na hata hivyo hurudi mara nyingi. Wenye ile ya bakteria wengi wao hupona kwa dawa peke yake, bila kisu. Nimewahi kupokea mtu aliyekatwa mguu chini ya goti, kisha majibu ya kile kipande kilichokatwa yakasema ni bakteria. Hilo haliniachi.

Ndiyo maana naitafuta punje kabla sijashika kalamu. Rangi yake inasema mengi. Punje nyeusi ni ya fangasi, na mara nyingi ni Madurella mycetomatis. Nyekundu ni ya bakteria aitwaye Actinomadura pelletieri. Ya manjano iliyo ngumu, ambayo maabara ikiikata inapasuka nyufa, ni ya bakteria Streptomyces somaliensis, aliyebeba jina la Somalia. Nyeupe ndiyo inayosumbua, kwa sababu inaweza kuwa ya bakteria kama Actinomadura madurae au Nocardia, au ya fangasi fulani. Ukipata nyeupe usikisie.

Namna ya kuipata haihitaji mashine. Jioni safisha ngozi kwa maji ya chumvi ya hospitali, weka shashi safi yenye unyevu juu ya matundu, funga bandeji, mlaze mgonjwa. Asubuhi ifungue taratibu na uitazame kwenye mwanga. Punje zitakuwa zimenasa. Ponda moja kati ya vioo viwili, ipake rangi ya Gram, ile ya maabara ya kutambulia bakteria, itazame kwa darubini. Nyuzi nyembamba kabisa, chini ya maikroni moja (sehemu ya elfu ya milimita), zilizoshika rangi ya zambarau, ni bakteria. Nyuzi nene zaidi zenye vigawanyo ni fangasi. Kazi hiyo haimalizi hata saa moja, na hospitali ya kaunti inaiweza.

Kosa ninaloliona zaidi ni kupitisha swabu, kile kijiti chenye pamba, juu ya tundu na kuipeleka maabara. Swabu hiyo itaotesha stafilokoka, bakteria wa kawaida wa juu ya ngozi, mgonjwa atapewa kloksasilini, na mwaka mwingine utapita. Tunachotaka ni kipande cha nyama kutoka ndani, kilichokatwa chini ya ganzi, nusu kiende kwa mtaalamu wa patholojia, nusu kioteshwe. Tena zungumza na wa maabara ana kwa ana. Mwambie asitupe sahani za kuoteshea vijidudu baada ya siku tatu kama ilivyo desturi, azitunze wiki tatu hadi sita, kwa kuwa bakteria hawa hukua polepole.

Kuhusu TB, nawaelewa wenzangu waliomwanzishia dawa zake. TB ya mfupa inaweza kutoboka vilevile. Isitoshe, Nocardia hushika rangi ya TB nusunusu iwapo asidi itapunguzwa makali, na jicho lisilozoea hudanganyika. Sarkoma ya Kaposi, aina ya saratani, nayo huvimbisha mguu. Na kuna botriomaikosisi, ugonjwa adimu ambapo stafilokoka wa kawaida hujikusanya wakatoa punje kama hizi. Huo nao ni wa bakteria, ila chini ya darubini utaona viduara badala ya nyuzi, na dawa zake ni nyingine.

Kwa yule mfugaji, darubini ilionyesha nyuzi nyembamba. Eksirei ilionyesha mashimo madogo mengi kwenye mifupa ya unyayo, yasiyo na mipaka iliyo wazi, jambo la kawaida kwa ile ya bakteria, kwani huushambulia mfupa mapema. Nilipapasa pia matezi ya kinena, maana wakati mwingine ugonjwa hupanda hadi huko. Hayakuwa yamevimba.

Tulimwanzishia antibiotiki mbili: amikasini, ambayo ni sindano, na septrini, ambayo ni vidonge. Amikasini ni miligramu 15 kwa kila kilo ya uzito kwa siku, zikigawanywa mara mbili, kwa siku 21. Septrini huenda nayo na kuendelea hadi wiki ya tano, kisha duru inarudiwa kulingana na hali. Amikasini inaweza kuharibu masikio na figo, kwa hiyo kabla ya kila duru tunapima usikivu na kreatinini, kipimo cha damu kinachoonyesha hali ya figo. Tusipoweza kupima, hatuanzi. Mfugaji aliyepoteza usikivu hasikii kengele za mifugo wake, na mguu mzima haumlipi hasara hiyo.

Kilichotushinda siku za mwanzo hakikuwa dawa. Siku 21 za sindano maana yake ni kulazwa, na mbuzi hawalazwi. Tulizungumza kwa simu na kaka yake mara tatu hadi wakakubaliana nani atachunga. Halafu likaja la septrini. Kwetu watu wameizoea kama dawa ya wenye virusi vya UKIMWI, na alipoviona vile vidonge vikubwa vyeupe alinyamaza, akavigeuza mkononi, akasema, "Daktari, nikirudi na hivi nyumbani, mke wangu ataondoka." Ilibidi mkewe aje hospitali, akae, aelezwe, aione punje mwenyewe kwa darubini. Aliiangalia kwa muda mrefu. Tangu hapo ndiye aliyesimamia vidonge. Daktari atakayempa mtu septrini ya miezi bila kulizungumza hili ajue vidonge vitafichwa au vitatupwa. Pia amwambie mgonjwa kwamba akiona upele au vidonda mdomoni aache dawa na arudi siku hiyohiyo.

Mengi ya haya tumejifunza kutokana na maandishi ya madaktari wa Khartoum, ambako Kituo cha Utafiti wa Maisetoma kilianzishwa mwaka 1991 na kuhudumia maelfu ya wagonjwa. Mwaka 2016 Shirika la Afya Duniani liliuingiza ugonjwa huu katika orodha ya magonjwa ya kitropiki yaliyosahaulika, na Sudan ilikuwa mstari wa mbele kuudai uamuzi huo. Vita vilivyoanza Aprili 2023 vimekiharibu kituo kile, na sampuli zilizokusanywa kwa miongo zimepotea. Ninapofikiria kwamba kuna wagonjwa waliokuwa katikati ya dozi siku milango ilipofungwa, nakosa la kusema.

Baada ya duru ya kwanza usaha ulipungua. Baada ya ya pili matundu saba yalikuwa yamefunga, yakaacha makovu meusi. Hapa ndipo wengi huacha dawa, na hapa ndipo ugonjwa hurudi, kwa sababu ngozi hufunga kabla ya mfupa kupona. Tulimwendeleza na septrini peke yake, na kliniki kila mwezi.

Mwezi uliopita alikuja na akala zote mbili miguuni. Lilibaki tundu moja karibu na kisigino, limekauka ila halijafunga sawasawa. Nikamwomba alale usiku mmoja wodini, nikaweka shashi yenye unyevu, nikafunga bandeji. Asubuhi tuliifungua pamoja, yeye, mkewe na mimi, tukaipeleka dirishani kwenye jua. Tuliigeuza pande zote mbili. Hapakuwa na chembe nyekundu hata moja. Vidonge bado anameza.