Peptidi za Sumu ya Nyoka: Utafiti Upo, Dawa Bado

Kwa muda sasa ofisi yetu imekuwa ikipokea maswali ya aina mbili kuhusu sumu ya nyoka. Watafiti chipukizi wanataka kujua utaratibu wa kuchukua sumu ya nyoka wa Uganda na kuichunguza kama chanzo cha dawa mpya za maambukizi. Wananchi wengine, baada ya kusikia kwamba sumu hiyo inaua bakteria, wanauliza inanunuliwa wapi, au ni nani anayeinunua na kwa bei gani. Kwa kuwa Wiki ya Dunia ya Uhamasishaji kuhusu Usugu wa Vimelea dhidi ya Dawa, inayoadhimishwa kila mwaka tarehe 18 hadi 24 Novemba, imekaribia, tumeona ni vyema tuwajibu wote kwa pamoja.

Kinachochunguzwa katika sumu hiyo ni peptidi, yaani vipande vifupi vya protini vilivyoungwa kwa asidi amino. Peptidi zinazotajwa zaidi ni za jamii ya kathelisidini. Krotalisidini, yenye asidi amino 34, ilitambuliwa katika tezi ya sumu ya Crotalus durissus, nyoka wa Amerika Kusini mwenye njuga mkiani, na nyingine yenye asidi amino 30 ilitoka kwa Bungarus fasciatus, nyoka wa Asia. Zote mbili zina chaji chanya nyingi, hivyo huvutwa na utando wa bakteria, ambao una chaji hasi, na kuutoboa. Katika maabara zimeua bakteria kama Escherichia coli na Pseudomonas aeruginosa. Jambo linalosahaulika ni kwamba kathelisidini ni sehemu ya kinga ya mwili wa nyoka mwenyewe, wala si silaha anayoulia panya. Hata binadamu anayo ya kwake, inayoitwa LL-37.

Mtu atauliza, kama zinaua bakteria, mbona hazipo hospitalini? Kuua bakteria ndani ya kisahani cha maabara ni hatua ya mwanzo tu. Peptidi ikimezwa humeng'enywa tumboni kama nyama yoyote. Ikiingizwa kwenye damu hukatwakatwa na vimeng'enya kabla haijafika kwenye jeraha. Na kipimo kikizidi, baadhi yake hupasua chembe nyekundu za damu za mgonjwa pamoja na bakteria. Ndiyo maana watafiti huzifupisha, hubadilisha asidi amino moja moja na kuzipima upya, na kazi hiyo huchukua miaka. Hadi leo hakuna dawa ya maambukizi iliyotokana na peptidi ya nyoka iliyoidhinishwa kutibu binadamu, si hapa Uganda wala kwingineko.

Matumaini yenyewe, hata hivyo, si ya kubuni. Kaptopril, kidonge cha shinikizo la damu ambacho wengi mnakijua, kilitokana na uchunguzi wa peptidi za sumu ya Bothrops jararaca, nyoka wa Brazili, ulioanzishwa na mtafiti Sérgio Ferreira katika miaka ya 1960, na kikaidhinishwa Marekani mwaka 1981. Kidonge hicho hutengenezwa kiwandani kutokana na kemikali, na hakuna nyoka anayekamuliwa ili kipatikane. Peptidi za kupambana na bakteria nazo huundwa kwa mashine, asidi amino moja baada ya nyingine. Kwa hiyo anayetupigia simu akisema ana swila watatu ndani ya pipa, na anataka kujua tutampa kiasi gani, anahatarisha maisha yake kwa ajili ya soko ambalo halipo.

Kuna pia dhana kwamba jeraha la kuumwa na nyoka halihitaji kusafishwa kwa kuwa sumu imekwisha kuua vijidudu. Tumelieleza jambo hili mara nyingi na tunalieleza tena: sumu ya moma na ya swila mtema mate huozesha nyama, na nyama iliyokufa ni makazi ya bakteria. Aliyeumwa apelekwe kituo cha afya mara moja bila jeraha kuchanjwa kwa wembe, kunyonywa wala kufungwa kamba.

Tumeletewa pia kikopo cha marhamu kilichonunuliwa kwenye stendi ya mabasi. Mfuniko wake una picha ya swila aliyetanua shingo na maneno yanayodai kutibu vidonda sugu, kisonono na kifua kikuu. Hakina jina la mtengenezaji, namba ya toleo, tarehe ya kuisha muda wala namba ya usajili ya Mamlaka ya Taifa ya Dawa. Inashangaza kwamba mtu huyo huyo anayekagua tarehe kwenye pakiti ya maziwa hakuiulizia hapa. Mgonjwa wa kifua kikuu anayeacha dozi yake kwa ajili ya kikopo hiki anawapa vimelea nafasi ya kuwa sugu, na usugu huo atawaambukiza walio nyumbani kwake.

Kwa watafiti, utaratibu ni huu. Utafiti husajiliwa kwanza katika Baraza la Taifa la Sayansi na Teknolojia, baada ya kupata ridhaa ya kamati ya maadili inayohusika. Kukamata nyoka porini au kumkamua kunahitaji kibali cha Mamlaka ya Wanyamapori. Kwa mujibu wa Kanuni za mwaka 2005 kuhusu upatikanaji wa rasilimali za kijenetiki na mgawanyo wa faida zake, mwombaji apate pia ridhaa ya maandishi ya wenye eneo au jamii inayohusika, naye asaini makubaliano ya uhamishaji wa sampuli kabla sampuli haijavuka mpaka. Ridhaa ya mdomo ya mwenyekiti wa LC (baraza la mtaa) haitoshi, hata kama ameipigia muhuri baadaye. Spishi zilizoorodheshwa na CITES, mkataba wa kimataifa kuhusu biashara ya wanyama na mimea iliyo hatarini kutoweka, chatu akiwemo, zinahitaji hati ya ziada. Majaribio kwa binadamu hayaanzi bila idhini ya Mamlaka ya Taifa ya Dawa.

Kuhusu adhabu, Sheria ya Wanyamapori ya mwaka 2019 inasema wanyamapori ni mali ya Serikali kwa niaba ya wananchi. Kosa linalohusu spishi iliyo hatarini kutoweka lina faini isiyozidi pointi 1,000,000 za sarafu, kila pointi ikiwa shilingi 20,000, yaani shilingi bilioni 20, au kifungo cha maisha, au vyote viwili. Nyoka wengi hawamo katika kundi hilo, lakini kumkamata yeyote bila kibali kunabaki kuwa kosa. Anayemuua nyoka ili kuokoa maisha yake hahesabiwi kuwa mhalifu; anayemweka ndani ya pipa akisubiri mnunuzi hawezi kujitetea hivyo.

Mwenye marhamu ya aina tuliyoieleza asiitupe. Aipeleke pamoja na kikopo chake katika ofisi ya kanda ya Mamlaka ya Taifa ya Dawa iliyo karibu naye, aeleze aliinunua wapi na lini, na kama ameshaitumia kwenye kidonda, amwambie mhudumu wa afya kabla ya kuanza dawa nyingine.