Umoja wa Ulaya, Umoja wa Mataifa na mizani mbili za lawama

Mahakama ya Ukaguzi ya Ulaya ilikadiria kuwa asilimia 5.6 ya matumizi ya bajeti ya Umoja wa Ulaya mwaka 2023 yalikuwa na kasoro. Tarakimu kama hiyo ikitoka, wengi huisoma kuwa ndicho kiasi kilichoibwa, na papo hapo hukumu inapitishwa: Brussels, yaani makao makuu ya Umoja huo, imeoza. Kumbe kasoro inayohesabiwa hapo ni malipo yaliyokiuka masharti: zabuni isiyofuata utaratibu, gharama isiyostahili kudaiwa, kielelezo cha malipo kisichoonekana. Visa vinavyonuka udanganyifu hutengwa na kupelekwa kwa wachunguzi. Isitoshe, sehemu kubwa ya fedha hizo haigawiwi na watumishi wa Brussels, bali hupitia wizara na wakala za nchi wanachama, na huko ndiko kasoro nyingi huzaliwa.

Sasa tuweke serikali kwenye mizani hiyo hiyo. Wakaguzi wa Ulaya hutoa maoni mawili, na ni muhimu kutoyachanganya. La kwanza ni kama vitabu vya hesabu vinasema kweli. Hapo Umoja wa Ulaya umepata hati safi tangu hesabu za mwaka 2007. La pili ni kama matumizi yalifuata sheria. Hapo umepata hati mbaya tangu hesabu za 2019, kwa kuwa kiwango kinachovumilika ni asilimia 2 tu. Kwa upande wa Marekani, ofisi ya ukaguzi ya Bunge haijaweza kutoa maoni yoyote juu ya hesabu jumuifu za serikali kuu tangu ilipoanza kuzikagua kwa mwaka wa fedha 1997, na sababu kubwa ni vitabu vya Wizara ya Ulinzi. Nchini Uingereza, hesabu za wizara inayolipa mafao ya ustawi zimepata hati yenye shaka kila mwaka tangu 1988–89, kwa ajili ya malipo ya makosa na udanganyifu. Hatujasikia mtu akidai kwamba kwa sababu hiyo Marekani au Uingereza haifai kuwapo. Kwa Umoja wa Ulaya dai hilo hutolewa bila kupepesa macho. Mkuki kwa nguruwe.

Lawama ya pili ni kwamba wakuu wa Brussels hawakuchaguliwa na wananchi. Ni kweli, lakini hata mawaziri wa nchi nyingi hawakuchaguliwa. Mwaka 2022 Uingereza ilipata mawaziri wakuu wawili bila uchaguzi mkuu. Wa pili, Rishi Sunak, hakupigiwa kura hata na wanachama wa chama chake kwa sababu wapinzani wake walijiondoa. Ursula von der Leyen, kwa upande wake, ili awe rais wa Kamisheni, chombo cha utendaji cha Umoja wa Ulaya, alihitaji kura 374 za Bunge la Ulaya mwaka 2019 na akapata 383. Bunge hilo linaweza pia kuing'oa Kamisheni nzima kwa theluthi mbili ya kura. Hoja yenye uzito zaidi iko kwingine na haitajwi sana: wabunge hao hawana haki ya kupeleka muswada wa sheria wenyewe. Kazi hiyo ni ya Kamisheni.

Likija suala la kushindwa, uliza kwanza nani alikuwa na kura. Septemba 2015 mawaziri wa Umoja wa Ulaya waliamua kuwagawana waomba hifadhi 160,000 waliokuwa Italia na Ugiriki. Mpango ulipofikia tamati miaka miwili baadaye, waliohamishwa hawakufika 35,000. Ikasemwa kuwa Umoja umeshindwa. Walioshindwa, au waliokataa, ni serikali zilizokuwa na mamlaka ya kuwapokea watu hao. Aprili 2020 Mahakama ya Haki ya Ulaya iliamua kuwa Poland, Hungaria na Jamhuri ya Cheki zilivunja wajibu wao.

Kwa Umoja wa Mataifa, Rwanda ni mfano mgumu zaidi. Tarehe 21 Aprili 1994, mauaji yakiendelea, Baraza la Usalama la Umoja huo lilipitisha azimio namba 912 la kupunguza walinda amani kutoka takriban 2,500 hadi 270. Waliopiga kura ni nchi 15, na Rwanda yenyewe, chini ya serikali ya wakati ule, ilikuwa na kiti. Hata hivyo, si haki kuziangushia nchi lawama yote. Januari mwaka huo makao makuu mjini New York yalikuwa yamemkataza kamanda wa kikosi kuvamia maficho ya silaha aliyopewa habari zake. Huo ulikuwa uamuzi wa watumishi wa Umoja wa Mataifa.

Mizani huweza pia kupinda kwa upande wa pili, taasisi ikasamehewa lile ambalo serikali isingesamehewa. Oktoba 2010 maji machafu kutoka kambi ya walinda amani yaliingiza kipindupindu Haiti. Karibu watu 10,000 walikufa. Mkataba wa kinga wa mwaka 1946 unautaka Umoja wa Mataifa uweke njia mbadala ya kusuluhisha madai, kwa kuwa hauwezi kushtakiwa mahakamani. Mwaka 2013 ulijibu kuwa madai ya waathirika hayapokeleki, na mahakama za Marekani zikashikilia kinga hiyo. Ban Ki-moon, Katibu Mkuu wa wakati ule, aliomba radhi Desemba 2016 na kutangaza mpango wa dola milioni 400, fedha ambazo zilitegemea michango ya hiari ya nchi wanachama. Kilichochangwa kilikuwa sehemu ndogo tu.