Neno OK halikutoka vitani

Wiki hii nimelisikia tena. Mkufunzi mmoja, msomi na mzungumzaji mzuri, alisimama mbele ya ukumbi uliojaa akaeleza kwamba OK ni kifupi cha "zero killed". Eti katika Vita vya Wenyewe kwa Wenyewe vya Marekani, kikosi kikirudi kambini bila kupoteza askari kiliandika 0 na K ubaoni, yaani hakuna aliyeuawa. Watu wakaitikia kwa vichwa, wengine wakaandika kwenye madaftari. Kwa ajili ya hayo madaftari, naomba nafasi nami niseme.

Maana yenyewe haina ugumu. OK huonyesha kwamba jambo liko sawa, limepokelewa au limeruhusiwa. Kwa Kiingereza huandikwa OK, O.K. au okay, na zote tatu zinakubalika. Wazungumzaji wengi wa Kiswahili hutamka "oke" bila hata kufikiri kwamba wameazima neno.

Sasa asili. Vita hivyo vilianza mwaka 1861. OK ilikuwa imechapishwa gazetini miaka 22 kabla, tena na maana yake ikiwa imewekwa papo hapo. Tarehe inajulikana: 23 Machi 1839, katika gazeti la Boston Morning Post lililohaririwa na Charles Gordon Greene. Ndani ya habari fupi ya mzaha kuhusu wanachama wa chama kimoja cha mjini humo, zilitokea herufi "o.k." na kando yake maneno "all correct", yaani kila kitu ni sahihi.

Lakini "all" inaanza na A, na "correct" inaanza na C. O na K zimetokea wapi? Hapa ndipo hadithi ya kweli inapoishinda ile ya vita kwa utamu. Katika miaka hiyo waandishi wa magazeti ya Boston walikuwa na mchezo wa kufupisha maneno, na raha ya mchezo ilikuwa kuyaandika vibaya kwanza, kwa makusudi, ndipo wayafupishe. "All right" ikageuzwa "oll wright", ikawa O.W. "No use" ikageuzwa "know yuse", ikawa K.Y. Na "all correct" ikageuzwa "oll korrect", ikawa O.K. Ni kama mtu aandike "zawa zawa" badala ya sawa sawa, kisha afupishe Z.Z., na wenzake wote waelewe kwa nini anacheka. Neno linalotangaza kwamba kila kitu ni sahihi limezaliwa kwa tahajia isiyo sahihi hata herufi moja!

Haya hatuyajui kwa kubahatisha. Allen Walker Read, profesa wa Chuo Kikuu cha Columbia, alipekua magazeti ya zamani kwa miaka mingi, akachapisha matokeo yake katika jarida la American Speech mwaka 1963 na 1964. Aliweka mezani maandishi yenye tarehe, moja baada ya jingine, mpaka safari nzima ya neno ikaonekana.

Vifupisho vingine vya mchezo ule vilikufa. OK iliokolewa na siasa. Mwaka 1840 Rais Martin Van Buren aligombea tena urais, na kwa kuwa alizaliwa Kinderhook katika jimbo la New York, wafuasi wake walimwita "Old Kinderhook", mzee wa Kinderhook. Herufi zikaangukia pazuri. Wakaanzisha klabu za O.K. na kulitumia neno hilo kama kaulimbiu. Wapinzani hawakukaa kimya: walieneza uvumi kwamba mtangulizi wake, Andrew Jackson, hakujua tahajia, na kwamba ndiye aliyekuwa akiweka O.K. kwenye hati akidhani ndivyo "all correct" inavyoanza. Van Buren alishindwa na William Henry Harrison, lakini neno likabaki midomoni mwa nchi nzima. Uvumi wa Jackson nao umebaki. Hadi leo yupo anayeusimulia kama historia.

Tangu hapo kila kizazi kimekuja na asili yake. Rais Woodrow Wilson aliandika "okeh" kwenye nyaraka alizoziidhinisha, akiamini neno lilitoka kwa Wachoctaw, wenyeji wa kusini-mashariki mwa Marekani. Wagiriki wana "ola kala", mambo yote mazuri. Waskoti wana "och aye". Dhana moja siwezi kuipita haraka, nayo ni ile aliyoitetea mwanaisimu David Dalby, kwamba OK ilivuka bahari na Waafrika waliouzwa utumwani, ikitokana na "waw kay", yaani ndiyo, ya Kiwolofu, lugha ya Senegal. Naelewa kwa nini inatugusa, na ni kweli kwamba Kiingereza cha Marekani kina maneno yaliyotoka Afrika Magharibi. Ila maneno kufanana kwa sauti hakutoshi. Panahitajika maandishi yanayounganisha hapa na pale, na ya Boston ndiyo yanayouonyesha mwungano huo, maana kando ya herufi. Tukiikataa hadithi ya vita kwa kukosa ushahidi, haki inataka tuipime na hii inayotupendeza kwa mizani ileile.

Kuna jambo la pili linalonikera zaidi ya hilo la asili, maana hili huwagombanisha watu. Wengi huichukua OK kana kwamba ni "ndiyo, nimekubali". Kumbuka ilikoanzia: kila kitu ni sahihi. Kisha ikaingia kwenye telegrafu. Kufikia miaka ya 1860 ilikuwa kawaida kwamba mtuma simu ya maandishi hahesabu ujumbe wake kuwa umefika mpaka ofisi ya upande wa pili ijibu O K. Yule mpokeaji wa telegrafu hakuwa akikubaliana na habari. Ujumbe ungeweza kuwa wa msiba au wa deni, naye angejibu O K vilevile. Alichosema ni kwamba ujumbe umefika mzima.

Maana hiyo bado ipo hai ndani ya neno. Ukimwandikia mwenzako "kesho nitachelewa" akajibu "OK", amesema amesikia. Hajasema amefurahi, na huenda hata hajasema ameruhusu. Kiswahili kina njia za kuzitenganisha hizi: kuna "nimesikia", kuna "nimekubali", na kuna "haya" ya mtu anayeacha mambo yapite tu. OK inazibeba zote kwa herufi mbili, ndiyo maana hutatiza. Hata kwenye kompyuta, kitufe cha OK chini ya onyo mara nyingi humaanisha tu "nimeliona". Inasimuliwa na walioshiriki kwamba watengenezaji wa Lisa, kompyuta ya kampuni ya Apple, mwanzoni mwa miaka ya 1980, waliandika "Do It", yaani fanya, kwenye kitufe hicho, mpaka mtu mmoja katika majaribio akasoma "dolt", yaani mpumbavu, akaudhika. Ndipo wakaweka OK.

Namrudia mkufunzi wangu, kwa heshima yote. Semina ilikuwa nzuri na mengi aliyosema nayashika. Ila kwenye slaidi yake ile herufi ya kwanza ilikuwa imeandikwa kwa tarakimu, 0K, ili ioane na hadithi ya sifuri. Ningemwomba airekebishe kabla ya ukumbi unaofuata: hiyo ni O, ya "oll".