Vitabu vya dinosaria havibahatishi

"Hiki kinasema Oviraptor alikuwa mwizi wa mayai, kile kinasema alikuwa akiyaatamia. Si wanabahatisha tu hao!" Kauli hii haikomi, na inaudhi, kwa sababu mfano wenyewe unathibitisha kinyume chake.

Oviraptor, yaani "mwizi wa mayai", alipewa jina lake mwaka 1924 kwa kuwa mifupa yake ilikutwa juu ya kiota katika jangwa la Gobi, na mayai yakadhaniwa kuwa ya dinosaria mwingine, Protoceratops. Mwaka 1993 yai la namna ileile lilipatikana likiwa na kiinitete ndani: kilikuwa cha ukoo wa Oviraptor. Mifupa ya kwanza haikubadilika hata chembe. Kilichopatikana ni ushahidi wa mayai yalikuwa ya nani.

Kwa hiyo vitabu viwili vikipingana, fungua kwanza ukurasa wa hakimiliki. Tafuta mwaka wa toleo, si wa chapa. Kitabu kilichoandikwa 1985 kikachapwa tena 2010 bila kusahihishwa bado ni cha 1985; hakiwezi kumjua Sinosauropteryx, dinosaria mdogo wa China aliyetangazwa 1996 na manyoya yake.

Kisha jiulize kila sentensi imesimama juu ya nini. Urefu wa mfupa hupimwa. Umri wa mwamba hutokana na fuwele za zirkoni kwenye tabaka la majivu ya volkano, ambamo madini ya urani hugeuka kuwa madini ya risasi kwa kasi inayojulikana. Uzito hukadiriwa, ama kwa mzingo wa mifupa ya miguu, ama kwa umbo la mwili mzima, na njia hizo mbili hazitoi jibu moja. Kutofautiana kwa tani kadhaa si kashfa. Rangi kwa kawaida ni ya mchoraji, isipokuwa pale melanosomu, yaani vichembe vya rangi, zilipohifadhiwa, kama kwenye mkia wa Sinosauropteryx, ambao tangu 2010 tunajua ulikuwa na mistari ya hudhurungi na myeupe. Soma na penseli mkononi, upigie mstari kila "huenda" na "inakadiriwa". Kitabu kisicho na maneno hayo hata mara moja ndicho cha kutiliwa shaka.

Kuna na kauli nyingine zisizokoma.

"Brontosaurus hakuwahi kuwapo." Jina lilitolewa 1879, likaunganishwa na la dinosaria mwingine, Apatosaurus, 1903, na utafiti wa 2015 ukalirudisha, ingawa si wataalamu wote wanaoukubali.

"Dinosaria wote waliishi pamoja." Stegosaurus aliishi yapata miaka milioni 150 iliyopita, Tyrannosaurus rex kati ya milioni 68 na 66. Mchoro unaowapiganisha hao wawili unatosha kukirudisha kitabu rafuni.

"Pterosaria ni dinosaria wa angani." Hapana, ni jamaa zao tu. Plesiosaria wa baharini wako mbali zaidi.

"Waliisha wote." Ndege ni dinosaria waliosalia. Kama kitabu chako kinakomea miaka milioni 66 iliyopita bila sura ya ndege, tafuta kingine cha kusoma sambamba nacho.