Dawa ya kichocho si chanjo

Katika mkutano wa wazazi wa shule moja ya msingi kandokando ya Ziwa Victoria, mama mmoja alisimama na kusema kwa utulivu kabisa kwamba wanawe hawatameza dawa safari hii, kwa kuwa "walishachanjwa kichocho mwaka jana". Waliokaa karibu naye wakaafiki. Nimeisikia kauli hiyo katika kila kampeni niliyosimamia, na leo uvumilivu wangu umefika ukingoni.

Chanjo ya kichocho haipo. Kinachotolewa shuleni ni prazikwanteli, dawa inayoua minyoo ya kichocho iliyokwisha kukomaa mwilini siku ile inapomezwa, kisha kazi yake inaishia hapo. Mtoto aliyemeza asubuhi na jioni akaenda kuogelea ziwani anaweza kuambukizwa upya jioni hiyohiyo, kwa sababu lava, yaani minyoo wachanga wanaotoka kwa konokono wa majini, hupenya ngozi ndani ya dakika chache tu.

Hata hivyo, siwezi kuwatwika wazazi lawama yote. Ni sisi tulioliita zoezi hili kingatiba, tukaunganisha kinga na tiba katika neno moja, kisha tukashangaa msikilizaji anaposhika nusu ya kwanza na kuiacha ya pili. Kitaalamu neno hilo linatetewa: tunawatibu watoto wote wa rika lengwa bila kumpima kila mmoja, ili ini na kibofu visije vikaharibika ukubwani. Kinachokingwa, basi, ni madhara ya baadaye. Maambukizi yenyewe hayakingwi hata kidogo. Sijawahi kuona tofauti hiyo ikielezwa kwenye tangazo lolote la gari la kipaza sauti.

Kuna jambo jingine linalozaa uvumi wa "dawa feki". Lava akishaingia mwilini huhitaji majuma kadhaa kabla ya kukomaa na kuanza kutaga, na katika kipindi hicho dawa haimwezi vizuri. Kwa hiyo mtoto anaweza kumeza vidonge sawasawa, asiguse tena maji ya ziwa, na bado akakutwa na mayai kwenye choo baada ya miezi miwili, kwa sababu wale wachanga walionusurika wamekua. Dawa haikuwa mbovu. Ilifika kabla minyoo hiyo haijakomaa. Isitoshe, kinachoumiza zaidi ni mayai kuliko mnyoo, kwa kuwa mengi hayatoki nje bali hunasa kwenye ini na kuta za utumbo. Hapa nazungumzia kichocho cha tumbo, ambacho ndicho cha ziwani. Kile cha mkojo, chenye konokono wa aina nyingine, hupatikana zaidi kwenye malambo na majaruba ya mpunga mbali na ziwa.

Kuhusu kutapika na kuumwa tumbo nitasema kwa ufupi: mtoto ale kwanza. Mwenye minyoo mingi ndiye huelekea kusumbuka zaidi, naye ndiye aliyeihitaji dawa kuliko wote. Ile fimbo ya kupimia urefu inayowachekesha wazazi hukadiria miligramu 40 kwa kila kilo ya uzito pasipo mizani, na inatosha.

Sasa niseme yanayoninyima usingizi. Tangu mwaka 2001 Shirika la Afya Duniani liliweka lengo la kuwafikia angalau asilimia 75 ya watoto wa umri wa shule, na rejesta zetu hujaa alama za vema. Lakini vidonge ni vikubwa, ni vichungu, nami nimeviokota nyuma ya madarasa. Mwaka 2022 shirika hilo lilipendekeza kutibu jamii nzima kuanzia umri wa miaka 2 pale maambukizi yanapofikia asilimia 10, ilhali sisi bado tunasubiri getini mwa shule huku mvuvi wa dagaa akishinda majini. Hata faida za darasani zina ubishi: utafiti wa kugawa dawa za minyoo huko Busia, Kenya, katika shule 75, uliochapishwa mwaka 2004, uliripoti utoro kupungua kwa robo, lakini mapitio ya baadaye kuhusu minyoo ya kawaida ya tumbo, si ya kichocho, hayakuona, kwa wastani, mabadiliko makubwa ya uzito wala ya ufaulu. Mimi hutetea dawa hii kwa ajili ya ini, na ya mitihani nawaachia wanaobishana.

Yule mama alinisikiliza hadi mwisho, kisha akauliza, "Sasa daktari, kama kesho wanarudi ziwani kuchota maji, mtawamezesha mpaka lini?" Nilimjibu kwamba mpaka kinyesi chenye mayai, kinachowaambukiza konokono, kikome kufika ziwani, na kwamba safari hii tulikuwa tumeleta vidonge, hatukuleta matundu ya vyoo. Wanawe walimeza Alhamisi, baada ya uji.